Kipengele cha Saba

Dada,

Ulipoteza kazi Jumanne tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi asubuhi, baada ya miaka kumi na tisa kwenye bohari ya chanjo. Nimeanza na hilo kwa sababu salamu zingenipa pa kujificha. Lakini salamu ni haki yako: hujambo? Shemeji mgongo wake unaendeleaje, na wanao wazima? Mimi mwili mzima, usingizi ndio umenihama.

Kazini hawajanigusa. Sheria inasema mtumishi wa serikali aliyetoa taarifa ya uovu asifukuzwe, asishushwe cheo wala kuhamishwa kwa kukomolewa, na wanaiogopa kama moto. Juzi bosi aliwauliza wenzetu, mimi nipo palepale, kama huyu Kikokotoo ameshawahesabu nywele. Wakacheka kwa adabu. Mimi niliyeingia humu na ufagio, leo napishwa mlangoni.

Ila kila asubuhi ya kazi, saa mbili kasorobo, nasikia ndala zako koridoni. Zinafika kwenye jokofu la tatu, zinasimama. Siku ya kwanza nilitoka kukukaribisha. Sasa sitoki, naangalia saa tu, na haijapishana hata dakika moja. Mara tisa mpaka leo.

Wewe ndiye uliyeniambia. Tulikuwa tunapanga masanduku, ukaninong'oneza kwamba daftari la joto la majokofu hujazwa Ijumaa kwa siku zote mpaka Jumatatu bila kupima, nyuzi nne, nyuzi nne, na kwamba wikendi ile umeme ulikatika kwa muda wa saa hamsini na moja. Dozi mia sita na arobaini zikaenda kwa watoto hivyo hivyo. Nikapiga hesabu, nikapeleka taarifa. Bosi akahisi maneno yalianza kwako, akakutafutia kosa la utovu wa nidhamu.

Nasikia unauliza watu kwa nini sheria ilinikinga mimi ikakuacha wewe. Nimekupigia mara nne hukupokea, basi soma. Inamkinga pia aliyemsaidia mtoa taarifa. Kipengele cha saba cha fomu ya taarifa kiliuliza nani alinisaidia. Nikaandika hakuna, nikaapa, nikatia saini. Nilijiambia nakuficha usidhurike. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili, nilitaka mara moja maishani mfagiaji aonekane ameona mwenyewe.

Nikilifuta neno lile nimekiri uongo chini ya kiapo, na kinga yangu huenda ikaondoka nalo. Hilo nimeshalipigia hesabu, niachie. Lakini jina lako likiingia, watakuuliza ulikaa na siri ile siku ngapi kabla ya kuniambia. Siwezi kukuamulia mara ya pili.

Muda wako wa kukata rufaa ya kufukuzwa unaisha Ijumaa saa tisa na nusu. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Dereva aliyekuletea barua hii atapita tena Alhamisi saa sita mchana. Usimpe salamu. Mpe karatasi yenye neno moja: niandike jina lako, ndiyo au hapana.

Mdogo wako wa kazini,
Kikokotoo