Babewatoto wa Chilangala

Shikamoo, Baba.

Marahaba yako naijua, ile ya kuvuta mpaka mtu anachoka kusubiri. Leo nitajiitikia mwenyewe, maana nina habari mbaya na sina mwingine wa kumpa. Mama nikimwambia analia. Wewe huwezi kulia tena, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulizikwa vizuri. Walikuja watu wa Chilangala yote, na wengine kutoka Newala na Chidya, wanafunzi wako wa zamani, wanaume wenye mvi ambao bado wanakuita Mwalimu. Mtani wako Mzee Bakari, yule Myao wa Masasi, alifanya kazi yake kama ilivyo desturi. Tuliporudi kutoka makaburini alivaa kofia yako, akaning'iniza darubini yako shingoni, akachukua simu yako na kutuelekezea mmoja mmoja, eti anatutambua kama wewe ulivyowatambua ndege. Shangazi akaambiwa ni kunguru. Mwenyekiti wa kijiji akaambiwa ni mwewe, mla vifaranga vya wajane. Tulicheka, Baba. Hata mama alicheka huku machozi yanamtoka. Hatujacheka tena katika nyumba yako tangu siku ile.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alitaka kuiona hiyo programu ya ndege iliyokufanya usimame mashambani umekodoa macho juu kama mtu aliyepoteza kitu angani. Wakaona tai wako, vipanga wako, mwewe wako, kila mmoja na mahali alipoonekana. Kijana mmoja akasoma kwa sauti: "Babewatoto, Chilangala, watatu." Ulimi ukamteleza, akasema "beba watoto". Watu wakacheka tena.

Neno hilo, Baba! Nakumbuka siku ulipoliweka. Tulikuwa Newala ukingoni, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini. Nilikuonyesha ndege anayezunguka, nikasema tai. Ukaniuliza, "Tai yupi? Mimi nikikuambia nimemwona mtu, utajua ni nani?" Ukapiga picha, programu ikaleta jina, ukabishana nayo mpaka ikaleta jingine. Kisha ukafungua maelezo ya wale bundi wa kwenye ghala letu kuukuu la korosho, dume na jike na kinda lao, ukalifuta neno bundi. "Bundi linanuka kaburi," ulisema. "Babewatoto ni jina lao la adabu. Hili halimtishi mtu."

Halimtishi mtu! Umefundisha Kiswahili maisha yako yote, halafu ukasahau kwamba hapa kwetu tunakivaa juu ya Chimakonde kama koti la kuazima. Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia. Kila mmoja akalielewa kwa namna masikio yake yalivyolipokea.

Haukupita muda mrefu, mtoto wa Hadija akashikwa na homa. Hadija huyu huyu jirani yetu, uliyemfundisha kusoma, na mtoto ni Saidi, aliyekuwa akisikia sahani zinagongana kwetu anakuja na mkono umeshanawa. Walimpakia bodaboda kumkimbiza hospitali. Alifia njiani. Jioni ya msiba bundi akalia ghalani, na mtu mmoja, mpaka leo sijui nani, akakumbuka. Mwalimu aliandika beba watoto, watatu. Mmoja ameshakwenda. Wamebaki wawili.

Nisiwe mnafiki. Hata mimi binti yako niliposikia hesabu hiyo, mwili ulinisisimka.

Walikuja mchana na marungu na mafuta ya taa. Hawakuwa wageni, ni wale wale waliokuchimbia kaburi. Mama alisimama mlangoni mwa ghala akiwaambia, "Jamani, ni ndege tu hawa, Mwalimu aliwapenda." Hilo la kuwapenda ndilo lililoharibu zaidi. Walimwita Mama Zuhura kwa heshima zote huku wanamsukuma pembeni. Jike na kinda walikufa pale pale. Dume alitoka kwenye moshi, akajigonga kwenye matawi, akapotelea kwenye mikorosho. Ghala likaungua lote. Mama akaambiwa asikanyage tena Chilangala mpaka yale aliyoyaandika mumewe yafutwe mbele ya watu.

Nikamchukua kwangu Newala, kwenye chumba changu kule nyuma ya soko. Alikaa kama mgeni aliyechelewa gari. Chakula alikigusa tu. "Mimi nina kwangu," alikuwa ananiambia, "na mume wangu yuko peke yake kule."

Nilifikiria kwenda kuwaeleza. Hoja nilikuwa nazo zote, ulinijaza mwenyewe: kwamba bundi anakula panya, kwamba hana habari na roho ya mtu, kwamba neno ni jina tu. Lakini mtu aliyezika mwanawe ukianza kumfafanulia maana ya neno, unamfundisha au unamtukana? Nikaona bora mama alale kwake.

Basi nikarudi naye. Mwenyekiti akaita watu. Nikaiwasha simu yako, nikaiinua wote waione, nikabonyeza futa. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena. Nikasikia watu wanashusha pumzi, mmoja akasema, "Haya, yameisha." Wakaanza kumwamkia mama, shikamoo huku, shikamoo kule, utadhani alikuwa safarini. Nilitamani kuwatukana wote, wakubwa kwa wadogo.

Hadija alikuwa amekaa nyuma. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Akainuka, akaja mpaka mbele yangu, akaitazama simu. "Zuhura," akaniuliza, "ukishafuta hivyo, na wangu anarudi?"

Hakuwa ananikejeli, Baba. Aliuliza kweli, na alisubiri nijibu. Wanawake wenzake wakamshika mkono wakamwondoa.

Mama sasa yuko kwake, nami niko naye. Watu wanatupitia, wanatusalimu, tunagawana nao maji kama zamani. Lakini dume yule hajafa. Kila alfajiri anakuja juu ya bati letu na ile sauti yake ya kukwaruza, nadhani anawaita wenzake. Akianza tu, mama anaruka kitandani na kuwasha redio, anaifungulia mpaka mwisho, taarabu, matangazo ya sabuni, chochote kile, majirani wasimsikie. Anakaa ameikumbatia mpaka ndege anyamaze.

Lala salama, Baba. Mungu akuweke mahali pasipo na majungu. Sikuahidi kwamba nitaiendeleza kazi yako, simu nimeizima na sijui kama nitaiwasha. Nakuahidi hili moja: betri za redio hazitakwisha katika nyumba hii.

Binti yako,
Zuhura