Gauni Tulilomvisha Fundi Taa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado inakusaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimempa shangazi akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako chumbani, mlango umeurudishia.

Najua habari umeshazisikia kwa mdomo wa kaka. Naomba uzisikie na kwangu.

Unamkumbuka yule binti anayepiga pasi hapa kwenye duka letu la ushonaji, niliyekuja naye kwako ukamsifia adabu. Kaka alimpenda, binti hakumpenda. Moyo wake ulikuwa kwa Fundi Taa, yule mwembamba anayetengeneza umeme mtaa mzima. Kaka akawa haambiliki. Akaapa mbele za watu kwamba akimkuta Fundi Taa karibu na binti atamvunja miguu. Sisi tukasema hasira za fundi wa kuchomelea ndivyo zilivyo, zinawaka na kuzimika.

Siku moja Fundi Taa yumo dukani anabadilisha swichi, mara tukamwona kaka anavuka barabara na nyundo mkononi. Duka letu halina mlango wa nyuma. Mama, unakikumbuka kile kichekesho cha runinga, cha bwana anayevishwa gauni ili mwenye wivu asimkamate? Kila kiliporudiwa, kaka ndiye aliyecheka mpaka akaanguka kwenye kochi. Nilikikumbuka palepale. Tukamsukumia Fundi Taa nyuma ya pazia, tukamvika gauni la harusi la mteja, shela mpaka kidevuni. Nikapiga magoti na pini mdomoni kama ninayepunguza upindo, kumbe naficha makobazi yake.

Kaka aliingia, akachungulia kila kona, hatimaye akamwona bi harusi. Akashusha nyundo. Akampa hongera kwa heshima zote na kumwomba radhi kwa kuingia na jasho lake. Tena akaona bawaba ya mlango wetu imelegea, akaahidi kuja kuichomelea bure. Alipotoka tulicheka mpaka bosi akakaa chini.

Tungeishia hapo, mama. Lakini unaujua mdomo wangu. Nilimsimulia muuza maji, nikasimulia saluni, na sauti ya kaka nikaiigiza. Wiki haikuisha, wateja wake wakawa wanamwuliza harusi lini, na watu wazima na akili zao wanampigia vigelegele akipita. Hakugombana na mtu. Alikuja kwangu, akaniuliza kwa upole kama ni kweli. Nilishindwa kuzuia kicheko. Akaondoka, chai niliyommiminia hakuigusa.

Kesho yake Fundi Taa alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa mbele ya duka. Kaka alikuja mchana kweupe, mikono mitupu, akaipiga ngazi teke. Fundi Taa akaangukia ukingo wa kibaraza cha saruji. Nilisikia ule mlio nikiwa kwenye cherehani, na bado nausikia. Daktari amesema uti wa mgongo umevunjika, hatatembea tena. Yule binti yuko naye wodini, anamlisha kwa kijiko. Nilipokwenda kumtazama, Fundi Taa alijaribu kunitania kwamba gauni lile lilimbana kwapani. Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Sasa lile hasa lililonifanya nikuandikie. Kaka alitoroka siku ileile, mtaani hajaonekana tena. Jumapili nilipiga simu yako. Ikapokelewa, na aliyepokea hakusema neno. Mama, nimelala chumba kimoja na kaka utoto wangu wote, pumzi zake nazijua. Baadaye ukanipigia mwenyewe, ukaniambia hujamtia machoni. Sikulaumu. Hata mimi nimewahi kuficha mtu, tena kwa kicheko.

Nimekwenda polisi. Nimewaambia yuko kwako, chumba cha uani. Nimewaambia hana silaha, na kwamba wewe una presha, waje taratibu. Nikawaeleza na jinsi nilivyomcheka usoni alipokuja kuniuliza. Hilo hawakuliandika.

Ukitaka kunilaani, nilaani, nastahili kulaaniwa. Ila nakuomba, usimsukumie uvunguni, wala usimvishe nguo zako. Mkalishe mezani, umpe ile chai aliyoiacha kwangu. Watakapogonga, fungua wewe mwenyewe. Nimewaomba nifuatane nao, wamekubali. Sitaki atoke mlangoni akutane na sura za wageni tu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na kaka pia, kama utaweza kumfikishia. Mungu akupe nguvu ambazo mimi sina.

Ni mimi kitinda mimba wako,
mwenye mdomo.