Redio ya Omwenga

Yawa, Scovia, siamini! Leo hapa Mbita wavuvi wameletewa mtu wa kuwafundisha kuita msaada kwa redio. Nani? Omwenga! Yule yule!

Ati, "Injini ikizima, tulia. Taja jina la boti, mko wapi, mko wangapi." TULIA! Mshenzi huyo!

Baba alitaja hayo yote kabla hajazama, mwaka wa tisini na saba. Mjomba aliyenusurika kwenye boti hiyo anasema Baba aliita mpaka betri ikaisha. Na Omwenga, aliyekuwa mlinzi wa redio ya kupokea wito hapa bichi, alikuwa ameifungia kwa kufuli, akaenda kanisani na ufunguo. Sabato!

Leo Mama alimkodolea macho tu. Somo halisikii, anaona ule ufunguo.

Omwenga akatabasamu, akauliza nani ana swali. Mama akasimama.

"Mwalimu, na tukizama Jumamosi?"