Maliza Dozi

Jumatano, 8 Oktoba
Kijiko cha dawa asubuhi, kijiko jioni. Siku ya sita. Sikio la mwanangu Sabra limekauka usaha, kutwa kacheza uani. Bado siku nne chupa iishe. Nimezunguka nyumba tano hapa Kiegeani na fulana yangu ya mhudumu wa afya, kote nimesema lile lile: maliza dozi. Watu wa kijiji hiki wagumu. Mtoto akipata nafuu tu, chupa inawekwa kumsubiri mgonjwa mwingine.

Ijumaa, 10 Oktoba
Vipele vyekundu kifuani na mgongoni. Vidogo. Mama mkwe kasema surua, tumfungie ndani, asioge. Nikamwambia mtoto kachanjwa surua mara mbili, kadi ninayo. Vipele vya joto tu hivi.
Nimempa kijiko chake cha jioni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Vimeshuka hadi miguuni. Vimeungana, mapaja yote mekundu. Anajikuna, analia, hataki hata kanga imguse. Mtoto wa miaka minne. Sijawahi kuona mwili hivi. Dawa sikuifikiria kabisa. Kanywa siku saba bila neno, imdhuru ya nane? Asubuhi nilimpa, kaitema. Nikambana pua, nikampa tena.

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri
Tumetoka hospitali. Tabibu, binti mdogo tu, kaniuliza anatumia dawa gani. Nikamtajia kwa kujidai, nikaongeza kwamba sijaruka hata kijiko. Akasema ni hiyo hiyo dawa. Mzio mwingine huchelewa, hata wiki nzima. Akamfungua mdomo, akamtazama macho, akamkagua ngozi akitafuta malengelenge. Hayapo, alhamdulillahi. Akauliza kama leo nimempa. Nimempa. Nilitamani ardhi inimeze.
Kasema nisimpe tena. Akitoka vidonda mdomoni, macho yakiwa mekundu, ngozi ikifanya malengelenge au homa ikipanda, nimrudishe mbio. Jina la dawa kaliandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, asipewe tena kamwe.
Mimi nimembana mwanangu pua. Mimi.

Jumapili, 12 Oktoba
Hana malengelenge. Nimemkagua mdomo mpaka kakasirika, kaning'ata kidole. Mama mkwe kasema mganga hajigangi.
Nikimwogesha kitu kimenijia akilini. Mwanahawa. Mwaka jana alinifuata bombani na bintiye Tatu. Sikio, dawa hii hii, vipele mwili mzima. Yeye alikuwa ameshaiacha siku ya saba. Nilimfokea mbele ya wanawake wote. Nikamwita mvivu. Hata gauni la mtoto sikulifunua nikatazama.

Jumatatu, 13 Oktoba
Wekundu unafifia. Kala uji. Kwa Mwanahawa sijakwenda. Naogopa, basi.

Jumatano, 15 Oktoba
Sabra anacheza. Ngozi inatoka magamba madogo mgongoni, haimuumi.
Nimekwenda kwa Mwanahawa bila ile fulana ya kazi. Nilimkuta anasuka ukili. Kaniamkia shikamoo kama siku zote, nikaona aibu kuitikia. Sikujua nianzie wapi, nikampa kadi ya Sabra. Kayasoma yale maandishi mekundu taratibu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia yeye ndiye aliyefanya sawa. Akasema, "Yameshapita, dada."
Nikamuuliza baada ya pale sikio la Tatu lilitibiwa na dawa gani. Hakuna. Hakurudi tena zahanati, angerudije akaitwe mvivu mara ya pili? Amekuwa akimtia mafuta ya vuguvugu. Usaha unakuja, unaondoka.
Tatu alikuwa amekaa kizingitini, kanipa mgongo, anachambua mchele. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti. Mama yake akaenda akamgusa bega, ndipo akageuka, akanitabasamia.
Kesho saa moja asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wao. Nimeshamwambia dereva wa bajaji.