Ndege Iliyokawia Kwisha

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba

Kaka yangu mpendwa Ansbert,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, na wifi Agnesi naye awe amepona kile kikohozi kilichokuwa kikimnyima raha. Sisi huku hatujambo. Joto limeanza mapema mwaka huu, na wateja wa vyombo wanakuja wakijipepea kwa vifuniko vya ndoo zangu, kisha wanaondoka bila kununua. Utashangaa kupokea barua badala ya simu. Kwenye simu, kaka, huwa unanikatiza kabla sijafika katikati. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya baba. Ulipoondoka baada ya Pasaka ulimwacha amegeukia ukuta, mkono wa kulia umelala kifuani kama si wake. Mtu aliyetengeneza saa za nusu ya Kariakoo kwa miaka arobaini, kiharusi kilimwachia vidole visivyoweza kufunga kifungo cha shati. Uji alikuwa anakunywa vijiko vitatu, basi. Siku moja nilipomlazimisha aliniambia, "Fortunata, saa ikikatika springi haitikiswi." Ndiyo maana mimi na wewe tulikubaliana kwamba Desemba uje na gari umpeleke nyumbani Kilema, akapumzike. Hatukusema zaidi, lakini sote wawili tulijua tulichokuwa tunakisema.

Sasa, yule dada wa mazoezi ya viungo aliniagiza nimtafutie baba mpira laini wa kuminya. Nikaununua kwa Nassibu, yule baba mwenye kipara anayepanga bidhaa za mitumba chini pale Mtaa wa Kongo. Mpira ukapasuka siku ya pili. Nikaurudisha kwa kelele, unanijua. Nassibu akaona haya mbele za watu, akanipa mpira mwingine na juu yake akanitupia boksi, akisema nimpelekee mzee naye asiboreke.

Juu ya boksi kulikuwa na picha ya ndege ya vita, ya jeshi la majini la zamani, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Chini ya tumbo ilibeba kombora refu. Jina lake ni la yule samaki mwenye pua kama upanga. Ndani hamkuwa na ndege, kaka. Mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu zilizoshika vipande zaidi ya mia, vingine vidogo kama punje ya ulezi, kila kimoja na namba yake, pamoja na karatasi ya michoro. Ndege ujijengee mwenyewe.

Nikavimwaga kwenye sinia nione kama vimetimia. Baba alisikia ule mlio, akageuka kutoka ukutani. Akatazama muda mrefu, kisha akaniambia nimletee kile kioo cha jicho alichotengenezea saa, na kibano. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku mbili, na mimi nilishuka ngazi mbio kuvitafuta huku machozi yananitoka.

Kipande cha kwanza, kiti cha rubani, kilimchukua tangu chai mpaka adhuhuri. Mkono wa kushoto ulishika, wa kulia ukasukuma tu, kama mtoto anayejifunza. Kibano kilidondoka mara nyingi, na kila kikidondoka baba alikitukana kwa Kichagga. Nilicheka mpaka na yeye akacheka. Toka siku hiyo nikawa nafunga duka saa kumi, napanda juu kumshikia sinia. Ilipofika zamu ya nyaya zinazofunga bawa la juu na la chini, Sitara, fundi cherehani wa chini, alituletea uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Nassibu naye akawa anakuja kukagua kila mchana kana kwamba ndege ni yake. Ndiye aliyetusomea kwenye simu kwamba ndege hii ilishaonekana imepitwa na wakati hata Vita vya Pili vya Dunia havijaanza, tena ya polepole mno, lakini iliendelea na kazi hata baada ya ile iliyoundwa kuirithi kuondolewa. Baba alimwambia arudie kusoma hapo.

Mwezi wa saba alishika kijiko kwa mkono wa kulia. Mwezi wa nane akafunga vifungo vya shati, vyote, akaenda kanisani nimemshika kiwiko tu.

Hapa, kaka, lazima nikiri jambo. Ndege ilikaribia kwisha tangu mwisho wa Julai, nami nikaingiwa na hofu. Nilijiuliza, ikiisha, baba si atarudi ukutani? Basi kila asubuhi akiwa bafuni nilibandua kipande kimoja kwa ukucha. Leo gurudumu, kesho nguzo ya bawa. Baba akirudi alivaa kioo, akaguna, akalaumu gundi za siku hizi, akaanza upya. Wiki sita nilimdanganya mzazi wangu, na kila Jumapili nilipokea Komunyo moyo ukinisuta.

Juzi alinikalisha kitandani kwake.

"Fortunata," akasema, "gundi ikichoka yenyewe huachia taratibu. Ikibanduliwa kwa ukucha, plastiki inabaki na jeraha jeupe. Nimefungua saa miaka arobaini. Unadhani sioni?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu gurudumu la kwanza."

"Sasa baba, mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungerudi kwenye ndoo zako. Nami nilikuwa naona raha tukikaa."

Kaka, tulicheka hadi Sitara akapanda ngazi mbio, tepu ya kupimia shingoni, akidhani kuna msiba. Siku hiyohiyo tulibandika kipande cha mwisho, na baba akayakunja mabawa nyuma kwa vidole vyake vya kulia, maana ndege hizi hukunja mabawa kama kuku.

Kwa hiyo Desemba usije na gari la kumchukua. Njooni na wifi tule Krismasi. Ameniomba nimpe kona ya duka aweke meza yake kuanzia Jumatatu, na leo asubuhi amebadilisha mkanda wa saa ya mteja.

Msalimie sana wifi Agnesi, na majirani zenu wote wanaonikumbuka. Nassibu na Sitara wanakusalimu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Fortunata

Baba amenipokonya kalamu, anaandika mwenyewe. Usimcheke mwandiko:

Ansbert. Hii ndege ni ya kutua juu ya meli. Haina pa kutua. Tafuta meli ya boksi huko Mwanza, kubwa. Baba.