Jicho Langu na Miwani ya Wageni

Chumba cha Nyuma,
Ghorofa ya Juu.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko ughaibuni? Goti lako limeizoea baridi? Na mzee wako, presha imeshuka? Sisi huku wazima, isipokuwa jicho langu la kushoto. Mistari ikipanda mlima nivumilie, naandika kwa jicho moja.

Ulipopiga simu uliniomba nimwambie mkaguzi wa kazi kwamba miwani ya kinga niliivua mwenyewe. Ukasema mwanao atanyang'anywa usimamizi, na damu ni nzito kuliko maji. Nilikata simu kwa sababu ningekutukana, na wewe ni dada wa baba yangu.

Ukweli unaujua. Mwanao, ambaye sisi mafundi rangi tunamwita Bosi Mdogo, anaifungia miwani kabatini. Tunagawiwa siku ya ukaguzi tu, kisha inafutwa na kurudishwa, isichakae. Tumezoea kuiita miwani ya wageni. Siku ile nilikuwa juu ya ngazi nikipaka dari chokaa, ikanirukia jichoni. Nikakimbilia bomba, yeye akanishika mkono: "Acha kudeka, jifute umalizie dari." Nilipoyafikia maji, chokaa ilikuwa imeshaunguza.

Daktari wa macho amenieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Kioo cha mbele ya jicho hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga. Kikiungua, seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, hukimbilia pale na jicho huvimba na kuwa jekundu. Askari hao hutoa kemikali zinazoiita mishipa mipya iote, na uvimbe usipotulia wanazidi kuiita. Yangu naiona kwenye kioo cha bafuni, nyuzi nyekundu zinatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Mwili wangu unanishonea pazia, Shangazi, na unadhani unanisaidia.

Tumaini ni kupandikizwa kioo cha jicho la marehemu. Lakini mishipa ikijaa, askari watapata njia ya kukifikia kioo kipya na kukishambulia wakidhani ni adui. Kwa hiyo natiwa matone ya kutuliza uvimbe, na sindano ya kuzuia mishipa isiendelee kuota. Ikishindikana, kazi ya rangi ndiyo basi. Kwa jicho moja naikosa ngazi, nakanyaga hewa.

Daktari anasema lazima nipoe. Nikamuuliza, jicho au moyo? Akacheka, akasema yeye ni wa macho. Moyo nimeuacha uwake.

Mwanao alikuja kunitazama na mfuko wa machungwa. Akachagua kuketi kushoto kwangu, nisimwone. "Dada, yaliyopita si ndwele," akasema. Nikamenya chungwa moja, nikalila taratibu bila kumkaribisha, mpaka akaaga. Nilifurahi, sikufichi.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ulimkingia kifua tangu akivunja vyombo na kumsingizia paka, na paka alikuwa anachapwa. Mimi si paka wako, Shangazi.

Mkaguzi anakuja kesho, maana hospitali iliiarifu ofisi yake. Nitasema yote. Nitaonyesha hata mfuko wa suruali ambamo mwanao anaweka ufunguo wa kabati. Nimeomba jambo moja tu, Bosi Mdogo asimame kulia kwangu, nimwone uso vizuri akisikia. Sitaki pole yake. Nataka aogope kupoteza kazi kama ninavyoogopa mimi.

Nisalimie mzee wako na kitindamimba wenu, hao sina ugomvi nao. Mama anakusalimu. Ameisoma barua hii na hakufuta neno.

Mungu akulindie macho yako, yote mawili.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, nikupendaye hata leo,

Fundi Rangi