Somo Nililokusomea

Jadida, Wete
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa mwanangu Nusaiba,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani, mwanangu, na kifua kimepoa? Wenzako wa kituoni hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenihama tangu Ijumaa. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, basi usome pole pole. Simu nimeiogopa. Nikikusikia sauti nitaanza habari za karafuu, hili nilikwepe.

Nilifurahi uliposema mwaka huu huendi Unguja kwenye semina ya kulipia, kwamba masomo ya kutunzia leseni yako ya ukunga unayapata bure kwenye simu, kila somo na cheti chake. Ndiyo maana ulipokuja mapumziko nikakupa simu yangu, yako imepasuka kioo. Siku mbili hukutoka chumbani. Chai inapoa, nakwita, unaniambia limebaki kidogo. Kisha wakakuita Kojani, mzazi kazidiwa, ukatoka mbio hata kula hujala.

Alhamisi ukanipigia, ukasema unaona vyeti vinne nawe wakumbuka masomo matatu. Ukacheka, ukasema ni uchovu. Nami nikacheka, nikaingia habari za karafuu.

Nusaiba, hicho cha nne nimekipata mimi.

Uliliacha somo limefunguka kwenye simu yangu. La Kiswahili, bibi anayefundisha anasema vizuri, nikalisikiliza huku nachambua karafuu. Mwisho yakaja maswali kumi. Nikasema moyoni, si kama khitma? Kila mtu hushika juzuu yake, na thawabu humfika aliyekusudiwa. Nikatia nia kwa jina lako, nikabonyeza. Likanikataa mara mbili. Mara ya tatu likatoa hongera, na jina lako juu.

Ijumaa nikamsimulia Bi Mwanabaraka, jirani yetu muuguzi mstaafu, nikitaraji anisifu. Akaweka kikombe chini. Akaniambia khitma husomewa maiti, Bi Mwatum, na mwanao yu hai, mikono yake inapokea watoto wa watu. Akasema ukikipeleka hicho kwenye Baraza la wauguzi na wakunga ikajulikana, leseni huna. Akasema pia hapa Wete wauguzi hufundishana wenyewe kila Jumatano, bure, na huandikiwa kuwa masomo ya leseni. Atakuombea nafasi.

Lakini linaloninyima usingizi si Baraza. Swali la saba lilikuwa la mzazi anayevuja damu, lipi lianze kufanywa. Sikulijua. Nilibahatisha mara zote tatu, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa sawa.

Basi mwisho wa mwezi ukipeleka vyeti vyako, hicho usikitie. Somo lile lisome mwenyewe kwanza, mwanangu. Kunikasirikia kutafuata.

Barua hii anakuletea Bi Moza anayekuja huko, nimemfungia na mkate wa mofa wako. Wasalimie wenzako wote. Mungu akuhifadhi, akuthibitishe mikono.

Mama yako, nakuomba radhi,
Mwatum binti Ngwali